Mmoja Akivuta, Mwingine Ashike Nyuma

Mtakaosoma karatasi hizi, nivumilieni. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Herufi zangu hazikai kwenye mstari, zinatawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji, na mahali pengine nimeandika neno kama linavyosikika kwetu Turkana, si kama mwalimu alivyotaka. Naandika polepole. Ukurasa mmoja waweza kunichukua tangu chai ya asubuhi hadi jua lifike mlangoni. Lakini kuna jambo nililoshindwa kulisema kwa mdomo, na aliyeniuliza amekwisha kuondoka, kwa hiyo sina njia nyingine.

Aliyeniuliza ni Nyibol, binti wa Lual, mkimbizi niliyefanya naye kazi ujanani. Alikuja mwaka huu nyumbani kwangu Nawoitorong, hapa Lodwar, akiwa njiani kwenda Kalobeyei kumwona shangazi yake. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa mtoto ambaye hajaanza shule. Sasa ni mama mzima, mrefu kama baba yake, ameinama kupita mlango wangu vilevile baba yake alivyokuwa akiinama. Aliniambia Lual amefariki, huko kwenye nchi ya baridi walikopelekwa, na kwamba siku ya kumzika ilibidi ardhi ipasuliwe kwa mashine kwa sababu ilikuwa imeganda. Nilimwandalia ugali na samaki mkavu wa Kerio. Alikula kidogo, akanawa, halafu akasema, "Mama Akiru, nikuulize, na usione nimekukosea heshima. Ni watu wenu waliomkata baba vidole?" Kumbe maisha yake yote baba yake alimwambia tu kwamba vidole vilibaki Kakuma. Yaliyosalia alijaza mwenyewe, kwa milio ya bunduki aliyokuwa akiisikia utotoni upande wa laga, ule mto mkavu wa mchanga. Amekua akiamini hivyo, na bado aliingia nyumbani kwangu, akaketi, akala. Nilimjibu, "Hapana, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa kama mgeni asiyetaka kubishana na mwenye nyumba. Maneno yote nilikuwa nayo, lakini tangu ujana wangu mtu akinitazama usoni maneno hukwama. Akaenda zake. Basi haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Ulikuwa mwaka wa ukame, mwishoni mwa miaka ya tisini. Shirika moja lililofanya kazi kambini Kakuma lilikuwa linajenga chumba cha mashine, na likataka msichana wa kukifagia na kukifunga. Injinia, mtu wa Nairobi aliyesimamia kazi hiyo, alituhoji wasichana kadhaa chini ya turubai. Wenzangu waliongea vizuri kuliko mimi. Mimi niliulizwa jina nikasema Akiru, nikaulizwa swali jingine nikatazama viatu vyangu. Injinia akacheka, akasema huyu hatapiga soga kazini, akanichukua. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa, dirisha moja lililozibwa kwa wavu na kitambaa ili vumbi lisiingie. Kilikuwa na harufu ya simenti mbichi na ya nyaya mpya. Nje ya mlango kulikuwa na kizingiti kirefu chenye kivuli mchana, na hapo ndipo tulipokula, kwa sababu ndani chakula kilikatazwa. Nikifumba macho leo naona kizingiti hicho kabla sijaona kitu kingine chochote cha ujana wangu.

Fundi wa chumba hicho alikuwa Lual. Kwao Sudani ya Kusini alikuwa fundi wa simu, na kambini aliajiriwa kwa yale malipo madogo ya wakimbizi yanayoitwa motisha. Nilimwita Baba Nyibol, yeye akaniita dada, ingawa alinizidi umri sana. Yeye na mkewe walikuwa wanangoja jina lao libandikwe kwenye ubao wa wanaoitwa mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia ubao ule. Sikuhitaji kumuuliza kuna nini, nilimtazama anavyotembea nikajua. Jambo alilolihofia kuliko njaa lilikuwa doa kwenye faili lake. Aliamini, na kambi nzima iliamini, kwamba mkimbizi aliyefukuzwa kazi kwa kosa, jina lake huzama chini kabisa wala halielei tena.

Kitu kilichokuwa kinangojewa chumbani ni raki. Kwa asiyeijua, ni kabati la chuma lisilo na milango, refu kumshinda mtu, ambalo mashine huingizwa ndani moja juu ya nyingine na kufungwa kwa skrubu. Katikati, usawa wa kifua, kuna konsoli, yaani trei yenye kioo na kibodi inayovutwa mbele juu ya reli kama droo, mtu afanye kazi, kisha airudishe ndani. Miaka ile kioo kilikuwa kizito, nyuma yake kimetokeza kama nundu ya ngamia. Ukikivuta mbele, raki nzima hutaka kumfuata anayevuta. Kwa hiyo lazima ikazwe chini kwa boliti, na boliti zinahitaji zege ngumu. Kuta zetu za udongo zisingeshika kitu. Lual alimwaga jukwaa la zege pembeni mwa chumba, akanifundisha kazi yangu ya kwanza: kulimwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Kwa jua la Kakuma, alisema, zege isiponyweshwa hukauka kabla haijashikana. Juu inakuwa jiwe, ndani inabaki unga.

Wiki hiyohiyo pampu ya kisima ikaharibika. Mabomba ya kambi yakakauka, na wanawake wa kwetu waliokuwa wakichota nje ya kambi wakakosa pia, kwa sababu hata kwenye laga ukichimba mpaka mabega unapata mchanga mkavu. Sisi ndani ya ua wa shirika tulikuwa na pipa lililoletwa kwa lori, maji ya ujenzi. Wanawake wa Kiturukana walikuja wakasimama nje ya wavu na vibuyu na mitungi ya plastiki. Hawakupiga kelele. Mmoja alisema tu, "Ejok," kama anavyosalimu mtu jirani yake, akainua kibuyu chake. Nilishika ndoo yangu ya kumwagilia nikiwa upande huu, nao ni watu wangu, na sikujua nifanye nini. Lual alikuja akanipokea ndoo. Akaenda nayo kwenye wavu, akamimina kupitia tundu, kibuyu kwa kibuyu, akarudi pipani akachota tena. Alifanya hivyo siku ile na siku zilizofuata mpaka pipa likaisha. Jukwaa tulilifunika kwa magunia yenye unyevu wa mabaki ya ndoo.

Askari wa lango, mkimbizi mwenzake, alimwambia, "Leo unawanywesha, kesho watakuja na bunduki kuchukua sufuria zako."

Lual akajibu bila kugeuka, "Akija nitamjua. Atakuwa na tumbo la maji, hataweza kukimbia."

Askari alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuishia kucheka. Nilisikia akiwaambia wengine kwamba Lual anawahonga wenyeji kwa mali ya shirika. Mchana mmoja kizingitini, tukila mahindi na maharagwe ya mgao yaliyopikwa na mkewe, Lual alinieleza mwenyewe, ingawa sikuwa nimeuliza. Walipovuka mpaka kwa miguu, walimkuta mwanamke wa Kiturukana kwenye laga, amechimba shimo, anachota kwa kipande cha kibuyu tone kwa tone, na mbuzi wake amesimama anangoja. Hawakuwa na lugha moja. Yule mama alimtazama, akampa yeye kwanza. "Mbuzi wake akaningoja mimi," Lual alisema. "Mwenye mbuzi akikutanguliza mbele ya mbuzi wake, dada, hilo deni huwezi kulipa kwa yule yule. Unalipa kwa mwingine." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba zege ile atamwomba Injinia muda zaidi, aimwage upya maji yakirudi.

Muda haukupatikana. Lori lilifika mapema na raki juu yake, imefungwa kwa mablanketi. Wabebaji vijana wa kwetu waliishusha wakiimba, mmoja akauliza kama wazungu wameleta friji ya bia, mwenzake akamwambia aonje basi. Lual alimfuata Injinia, akamwambia zege bado changa, bora kungoja. Injinia aliuliza kwa nini, na Lual akasema tu jua lilikuwa kali. Asingeweza kusema maji yalikwenda wapi. Injinia aligonga jukwaa kwa nyundo, likalia vizuri kwa sababu juu lilikuwa jiwe, akasema mashine lazima ziwake mwezi huo. Wakatoboa. Nilikuwa nimeshika tochi, nikaona unga mweupe unavyotoka kwenye tundu, mwingi, laini kama wa kusaga. Lual aliona pia. Alipokaza boliti zilizunguka bila kushika, kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka. Alinitazama mara moja, akaendelea kukaza hadi vichwa vyake vikafika chini, vikaonekana vimekaa.

Ndiyo tukaanza kufanya kazi kwa namna yetu. Lual alijaza magunia mchanga wa laga, akayapanga kwa nyuma juu ya kitako cha raki, yaizuie isiiname. Betri nzito alizifunga chini kabisa, kwenye droo ya pili inayovutwa. Akaweka sheria mbili. Ya kwanza, droo mbili zisivutwe pamoja hata siku moja. Ya pili, mmoja akivuta, mwingine ashike nyuma. Basi kila nilipotaka kufungua konsoli, Lual aliacha alichokuwa akifanya, akazunguka nyuma ya raki, akashika nguzo zake kwa mikono miwili na kusema, "Haya." Ndipo nikavuta. Nikimaliza nasema, "Narudisha," nasukuma ndani, naye anaachia. Yeye akivuta, mimi ndiye niliyeshika. Tulifanya hivyo miezi mingi mpaka hatukuhitaji maneno. Wageni wa ofisini walidhani ni taratibu za mashine. Na mpaka leo, hapa nyumbani, sifungui droo ya kabati kabla sijaweka mkono wa pili juu yake. Wajukuu wangu hunicheka.

Kwenye konsoli hiyo ndiko nilikofunzwa. Kioo kilikuwa kimoja na mashine tatu, na pembeni kulikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha. Namba moja unaona mashine ya ujumbe uliokuja kwa redio, namba mbili majina ya mgao, namba tatu ghala. Siku ya kwanza niliweka vidole juu ya kibodi nisibonyeze kitu. Lual, akiwa nyuma, simwoni, nasikia sauti tu kati ya nyaya, aliniambia, "Usiiogope. Inauliza, unajibu. Haikutazami usoni." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo linalonihusu kwa usahihi kama lile. Nilijifunza kusoma ujumbe, kuandika majibu ninayoamriwa, kuzima na kuwasha kwa mpangilio joto likizidi. Injinia alishangaa, akaniacha nikae hapo kila siku. Jioni nilitembea kwenda nilikolala nikijiona mtu. Kisha nafika mlangoni, nakumbuka boliti, na furaha inapungua. Pampu ilikuwa imetengenezwa, lakini kisima kilitoa maji kidogo, ya kunywa tu, na sote wawili tulikuwa tunangoja mvua. Mvua ikija, maji yakirejea, Injinia akienda likizo, tutaishusha raki tumwage jukwaa upya, na hakuna atakayejua.

Badala ya mvua wakaja wageni wa shirika kutoka mbali. Asubuhi ya siku hiyo Injinia aliingia, akaona magunia ya mchanga, akaniuliza uchafu huu wa nini chumba cha mashine. Niliyatoa kama alivyoamuru, moja baada ya jingine, nikaenda kumwambia Lual. Alikuwa anatoka kwenye ubao. Alinisikiliza, akapangusa mikono yake kwenye suruali. "Nitakuwa nyuma mimi," alisema. "Akivuta kioo peke yake itakaa." Wageni walipoingia alikuwa tayari amesimama kule nyuma, ameshika nguzo, na Injinia akawaambia huyo ni fundi wetu. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya soda. Injinia alivuta konsoli, akaonyesha kitufe, moja, mbili, tatu, kila mtu akapendezwa. Raki ilikaa. Kisha mama mmoja kati ya wageni, aliyekuwa amechuchumaa karibu kabisa apate kuona, akauliza chini kuna nini. Injinia akasema betri, akaivuta droo ya chini wakati ya juu bado iko nje.

Niliona boliti zikipanda. Hazikukatika, zilitoka tu polepole kutoka kwenye zege na unga wake, kama mtu anavyotoa kijiti mchangani. Raki ikaanza kumwinamia yule mama. Kule nyuma Lual alishuka chini ghafla, akaingiza mkono kwenye nafasi iliyoachwa wazi na droo ya betri, akashika chuma cha ndani, akaivuta nyuma kwa uzito wake wote. Ikasimama, imeinama nusu. Yule mama alikuwa amekaa chini ya kioo, haelewi bado. Kutoka mlangoni niliuona uso wa Lual katikati ya nyaya. Aliutazama kwanza mkono wake, mahali ulipo, ndani ya njia ya ile droo. Halafu akasema, kwa sauti ileile aliyozoea kuniambia "Haya", "Rudisha betri ndani. Sukuma kwa nguvu."

Injinia hakuwa anauona mkono. Alisukuma kwa nguvu. Raki ikarudi ikasimama.

Sitaandika nilichokiona nilipozunguka nyuma. Vidole vinne vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilibaki.

Alilazwa hospitali, nami nikawa namchukulia uji kila niliporuhusiwa. Siku moja nilimkuta Injinia ameketi ukingoni mwa kitanda, nikasimama mlangoni na chupa yangu, wala hawakunijali. Injinia alikuwa ameshapasua jukwaa na kuona ndani. Alimuuliza nani alikuwa na kazi ya kumwagilia. Kazi ile ilikuwa yangu, na Lual alijua nasikia. Akasema, "Ndoo nilimnyang'anya mimi. Maji niliwapa watu wa nje."

Injinia aliigeuzageuza kofia yake mikononi. "Ungeniambia," alisema.

"Ungeniongezea siku?"

Injinia alinyanyuka, akapita karibu nami, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikumchukia wakati ule na simchukii sasa. Lakini aliandika kwenye ripoti kama alivyoambiwa, kwamba fundi alitoa maji ya ujenzi, na nafasi ya Lual akapewa mtu mwingine. Jina lao lilibandikwa ubaoni akiwa bado kitandani. Mkewe alikwenda kueleza kwamba mumewe yuko hospitali, akaambiwa faili litasubiri. Lilisubiri miaka. Katika miaka hiyo nilikuwa nikimwona mtu aliyejua kuunganisha nyaya nyembamba kama unywele anafungiwa vifungo vya shati na mtoto wake, na mtoto huyo ni wewe Nyibol, ulikuwa unajivunia kazi hiyo, unamwambia asimame wima. Mimi nilibaki kwenye konsoli. Raki mpya ilikazwa kwenye zege iliyonyweshwa ipasavyo, haikutikisika hata ukivuta droo zote. Hakukuwa tena na haja ya mtu wa kushika nyuma. Nilikuwa navuta peke yangu, na kila mara nilingoja kidogo kabla ya kuvuta, nikisikiliza kama kuna mtu atakayesema "Haya."

Kwa hiyo, mwanangu, si watu wetu waliomkata baba yako, wala si bunduki. Lakini najua ulivyoitikia kwa kichwa siku ile. Utasema huyu ni Mturukana, anawatetea Waturukana, na karatasi zimeandikwa na mkono mmoja tu. Una haki. Askari wa lango alikwishakufa, Injinia sijui aliko. Wamebaki wanawake waliosimama kwenye wavu. Walikuwa wengi, na walikuja na watoto mgongoni.

Nanyi wengine wote mnaosoma, ndio ninaowaandikia sasa. Kama ulikuwa na kibuyu mwaka ule nje ya ua wa shirika Kakuma, au mama yako alikuwa nacho na wewe ulikuwa mgongoni, na unakumbuka mtu mrefu mweusi sana, mgeni, aliyekumiminia maji kupitia tundu la wavu, niandikie. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wako wa shule. Iandike kwa Kiturukana, kwa Kiswahili, kwa herufi mbaya kuliko zangu, mistari miwili yatosha. Mpe yeyote anayekuja Lodwar, aulize Nawoitorong nyumba ya Akiru. Nitaisoma polepole, lakini nitaimaliza, kisha nitaipeleka kwa Nyibol, ili neno langu lipate mtu wa pili wa kushika nyuma.